Butembo, mji uliozaliwa sokoni

Miji mingi ya nchi yetu ilianza na bendera. Mbelgiji alifika, akachagua kilima chenye upepo mzuri, akasimamisha mlingoti, akajenga ofisi na jela, na soko likaja nyuma. Beni na Lubero zilikomaa namna hiyo, kama makao ya teritwari. Butembo ilifuata njia nyingine. Hapa soko lilitangulia, nyumba zikafuata, na karatasi ya serikali ikafika mwisho kabisa, wakati mji ulikuwa tayari mji.

Nasema hivi juu ya kitu kimoja. Wanafunzi wa sekondari, ukiwauliza nani alijenga Butembo, wanajibu pasipo kufikiri: "Matajiri." Wanataja nyumba za ghorofa za katikati ya mji, magazini, makontena, watu waliosafiri Dubai na China. Jibu hilo si uongo, lakini linaanzia hadithi kwenye sura ya mwisho. Kabla ya kontena kulikuwa gunia la kahawa, kabla ya kahawa kulikuwa kikapu cha mboga, na kabla ya mboga kulikuwa chumvi. Mtoto asiyejua habari ya chumvi ataamini kwamba mji huu ni mali ya watu kumi wenye pesa, na kwamba mama yake anayebeba makabichi kutoka kijijini ni mpita njia tu ndani ya mji huo.

Basi tuanze na chumvi.

Mababu zetu Wayira wa milimani, kama vile Wabashu, Waswagha, Wamate na Watangi, hawakukosa chakula. Walikuwa na ndizi, maharagi, ulezi, mbuzi. Chumvi nzuri ndiyo iliwaponyoka. Hiyo ilipatikana ng'ambo ya ziwa lile ambalo Wazungu waliliita Edouard, huko Katwe na Kasenyi, upande ambao leo ni Uganda. Kwa hiyo watu wa milima walitelemka bondeni na mizigo ya chakula, wakapitia Ishango pale mto Semliki unapotoka ziwani, ao wakavuka kwa mtumbwi, wakabadilishana na wenye chumvi, kisha wakapanda tena na mizigo yao vichwani. Chumvi ya Katwe haikuwa kitu kidogo. Mfalme Kabarega wa Bunyoro aliishikilia, na Mwingereza Lugard alipofika mwaka 1891 alijenga pale boma lake, Fort George, juu alijua kwamba mwenye kukamata chumvi anakamata njia zote zinazoizunguka.

Safari ile haikuwezekana kwa mtu aliye peke yake. Chui na simba walikuwa bondeni, na hatari kubwa kuliko chui ilikuwa binadamu asiyekufahamu. Ilibidi uwe na rafiki njiani, mwenye kukulaza, mwenye kukutolea neno mbele ya mkubwa wa kijiji chake, na yeye akipanda milimani umtendee vilevile. Katika eneo zima la Maziwa Makuu watu walifunga urafiki wa namna hiyo kwa undugu wa damu. Siye tunapenda kusema kwamba Mnande amezaliwa na akili ya biashara. Mimi siamini kwamba mtu anazaliwa na akili ya biashara. Naamini kwamba mtu ambaye chumvi yake iko mbali na jirani yake ni adui anayewezekana, huyo anajifunza kutunza neno lake, ao anakula chakula bila chumvi.

Nikiwa bado hapo Ishango, niseme kidogo. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale mfupa mdogo wenye mistari iliyochongwa kwa makundi makundi, na wataalamu wanaupa umri wa miaka karibu 20,000. Uko Brussels hadi leo. Wengine wanasema ni hesabu, wengine wanasema ni kalenda ya mwezi, na mabishano hayajaisha. Wacheshi wa hapa kwetu wanasema ni daftari la madeni.

Njia ya chumvi ilivunjwa na mambo matatu yaliyofuatana. Ugonjwa wa malale uliua watu wengi bondeni mwanzoni mwa karne ya 20, na wakoloni wakahamisha waliobaki. Mipaka kati ya Wabelgiji na Waingereza ikapita katikati ya ziwa na ya mto. Kisha mwaka 1925 ikaanzishwa Parki Albert, ambayo leo tunaiita Virunga, ikapanuliwa 1929 na mara nyingine baadaye, hata bonde ambalo mababu walikuwa wanalivuka likawa mahali pa nyati na viboko, na mtu akionekana humo anaitwa jangili. Sisemi kwamba parki ni kitu kibaya. Nasema kwamba ilifunga mlango wa mashariki, na watu wa milimani wakabaki wamesongamana juu, kilima kwa kilima, wakatafuta mlango mwingine.

Mlango huo ulikuwa magharibi, kwenye dhahabu. Kampuni ya Minière des Grands Lacs, ile ambayo wazee wanaitaja kwa herufi tatu tu, MGL, ilikuwa inatafuta madini katika misitu ya upande wa Manguredjipa na Lutunguru. Ilihitaji mahali penye baridi ya kiasi, penye chakula karibu, pa kukusanyia wafanyakazi na vifaa kabla ya kuwatelemsha msituni. Mwisho wa miaka ya 1920, na mwaka 1928 ndio unaotajwa zaidi, iliweka kambi pale Butembo, katika nchi ya Waswagha, kwenye mwinuko wa karibu metre 1,750, pembeni kabisa ya mstari wa ikweta. Wazungu waliokuja na kampuni hawakuwa na nia ya kujenga mji. Walitaka kambi.

Lakini kambi ina tumbo. Mtu anayechimba dhahabu hawezi kulima maharagi yake siku ileile. Ndiyo maana soko likakua mlangoni pa kambi, na waliolikuza ni wamama waliotoka vilimani alfajiri na vikapu mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Hao ndio wafanyabiashara wa kwanza wa Butembo. Hakuna barabara inayoitwa kwa jina la hata mmoja wao. Moja ya komini zetu nne, Kimemi, inachukua jina la mkubwa wa asili wa wakati ule, na hiyo ni haki, sina neno. Lakini ningependa kuona siku moja, hata kwenye kichochoro, jina la mama aliyeuza maharagi.

Mambo mengine yaliongezeka kuzunguka soko. Mapadri Waasumsioni walifika katika nchi ya Wanande mwaka 1929. Wabatisti kutoka Marekani walijenga misioni yao Katwa, ambayo leo ni mtaa wa mji. Walowezi walichukua ardhi ya juu, wakapanda kahawa, pareto, kinini, ngano, na wakaleta mbegu za mboga za kwao: karoti, kabichi, poaro, viazi. Mboga zile zilikuwa za meza ya Mzungu. Wakulima wetu waliziangalia, wakaona kwamba Mzungu wa Stanleyville anazitaka pia na kwamba kule chini, kwenye joto la msitu, hazikubali kuota. Hapo biashara ya pili ikaanza, ambayo naona ndiyo iliyotengeneza tabia ya mji kuliko nyingine zote.

Fikiri kidogo juu ya karoti. Haingojei. Chumvi unaweza kuiweka mwaka mzima, dhahabu unaweza kuifukia chini ya kitanda, lakini karoti iliyong'olewa Jumatatu lazima ifike Kisangani kabla haijalainika, na njia ni ya Beni, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, mamia ya kilometre za matope. Baada ya Uhuru, na zaidi baada ya vita vya Wasimba vya 1964, barabara zile zilianza kufa. Mfanyabiashara aliyeko Butembo hakuweza kusafiri na kila gunia. Ilimbidi awe na mdogo wake Kisangani wa kupokea, na shemeji yake Mambasa wa kutafuta watu wa kusukuma kamyo, na mkulima wa Lubero wa kumkopesha mboga kwa maneno tu, alipwe kamyo ikirudi na samaki, mafuta ya mawese, ao vitambaa. Miaka ya 70 na ya 80, watafiti waliokuja kuchunguza uchumi wa Kisangani walishangaa kuona Wanande wamekamata biashara ya mboga na maharagi bila benki, bila mapatano ya maandishi, na bila kutegemea wakubwa wa Kinshasa. Bibi Janet MacGaffey aliandika juu yao katika kitabu kilichotoka mwaka 1987. Aliyekuwa akitazama kutoka Butembo hakushangaa. Ilikuwa safari ya chumvi ileile, imegeuzwa uso tu.

Kuhusu mkopo wa maneno, kuna jambo ambalo wageni hawalielewi haraka. Sisi tunapewa majina kufuatana na kuzaliwa: Mumbere, Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, na kwa wasichana Masika, Kavira, Kahindo na mengine. Ukisimama katikati ya soko ukiita "Kambale!" watageuka watu mia. Kwa hiyo jina pekee halimtambulishi mtu. Mwenye duka akiombwa deni na Kambale, anauliza: Kambale wa wapi? Wa nani? Anataka kujua kilima, anataka kujua baba, anataka kujua kama kanisani kwao kuna mtu anayemfahamu. Deni halikuandikwa juu ya mtu mmoja, liliandikwa juu ya kilima kizima. Ukitoroka na mali, si wewe unayeaibika, ni mjomba wako atakayenyimwa mbegu mwaka ujao. Hiyo ndiyo ilikuwa benki ya Butembo, na dhamana yake ilikuwa kwamba kila mtu ana mahali ambapo unaweza kwenda kumuulizia.

Kahawa ilileta pesa nyingi, na pamoja nayo ikaleta uzoefu wa kuizunguka serikali. Mwezi wa saba 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya Brazil, bei ya dunia ikapanda sana, lakini serikali ya Zaire ililipa mkulima kwa pesa iliyokuwa inaoza mkononi. Kule ng'ambo, Uganda ya Idi Amin ilikuwa na magendo yake. Magunia yakavuka Kasindi usiku, yakarudi na sabuni, nguo, vipuri vya magari. Sheria iliita jambo hilo wizi. Mkulima aliliita kusomesha watoto. Nyumba nyingi za matofali za wakati ule zilijengwa na kahawa ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha forodha. Miaka miwili kabla ya baridi ile ya Brazil, tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, Mobutu alikuwa ametangaza kuwanyang'anya wageni maduka na mashamba yao. Sehemu nyingi za nchi, mali ile ilikwenda kwa wakubwa wa chama, ikaliwa ikaisha. Hapa kwetu wengi waliosimama baadaye hawakuanza na duka la kupewa, walianza na gunia. Tofauti hiyo inaonekana hata leo katika tabia: tajiri wa Butembo anapenda kuvaa shati lililochakaa, anakula maharagi, na haonyeshi. Anayeonyesha anatiliwa mashaka. Mtu anayependa starehe ya Kinshasa ataona mji wetu unachosha, umekauka, watu wanalala mapema na kuamka mapema kuhesabu. Ana haki. Ni mji wa kuhesabu.

Kahawa robusta ya Beni ilikufa kwa ugonjwa wa kunyauka, na polepole kakao ikachukua nafasi yake. Mwaka 1983 Zaire iliruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu, na dhahabu ile ya msituni, ambayo kampuni ilikuwa imeileta kambi hapa kwa ajili yake, ikaingia mikononi mwa watoto wa wale waliouzia kambi maharagi. Dhahabu ndiyo iliyofungua Dubai, kisha Hong Kong, kisha Guangzhou. Wafanyabiashara kadhaa waliweka pesa pamoja, mmoja akasafiri, akajaza kontena kwa ajili ya wote, na kontena ikapita Mombasa, Kampala, Kasindi, kilometre 80 hadi Beni, na 54 nyingine hadi Butembo. Utaratibu wa kuunganisha pesa katika kontena moja ni ule wa msafara wa chumvi, kila mtu na mzigo wake ndani ya safari moja.

Na serikali? Hapa nilinganishe na nchi ya mbali. Ujerumani ya zamani ilikuwa na miji mingi midogo ya soko, na mingi ilizaliwa na karatasi. Mtawala, askofu ao mfalme, alitoa haki ya soko, na kwa haki hiyo wafanyabiashara waliitwa waje wakae. Freiburg ilipewa haki yake mwaka 1120 na Konrad wa nyumba ya Zähringen. Kuta zikajengwa, mizani ya mji ikawekwa, na mtumwa wa shamba aliyekimbilia mjini akakaa mwaka mmoja na siku moja alihesabiwa kuwa huru. Karatasi ilifungua soko, na karatasi ilimlinda mwenye soko. Butembo ilikuwa kinyume. Ilikaa miaka mingi ikiwa kubwa kuliko makao ya teritwari iliyokuwa inaiongoza, na ni mwaka 2003 tu ilipopata cheo cha mji kamili pamoja na Beni, katikati ya vita, wakati iliishakuwa na soko la miaka 75, na chuo kikuu. Haki tuliipata. Ulinzi unaofuatana na haki, huo tunaungoja bado.

Pengo lile la serikali lilijazwa kwa sehemu na Kanisa, na kusema hivyo si kupendelea dini. Jimbo Katoliki la Beni lilipogeuzwa jina likawa Butembo-Beni mwaka 1967, askofu wake alikuwa Emmanuel Kataliko, aliyeongoza tangu 1966 hadi 1997. Alikuwa mtu wa kuhubiri akiwa na jembe. Aliwasukuma wafanyabiashara na wakulima kutengeneza barabara, shule na hospitali bila kungoja Kinshasa, na Université Catholique du Graben ilianzishwa na jimbo lake mwaka 1989. Alipokuwa askofu mkuu wa Bukavu, waasi wa RCD walimkataza asirudi kule mwezi wa pili 2000, akarudishwa huku kwao Butembo kama mfungwa wa nyumbani. Walidhani wanamwadhibu. Mji ulimpokea. Aliruhusiwa kurudi Bukavu mwezi wa tisa, akafa Roma tarehe 4 mwezi wa kumi mwaka uleule.

Sasa tufike kwenye kurasa ambazo tunapenda kuzipita haraka. Mwezi wa pili 1998, baada ya Mayi-Mayi kushambulia, askari wa serikali walilipiza kisasi juu ya raia wa Butembo, na jina la kambi ya Kikyo bado linanyamazisha watu mezani. Baadaye, toka 1998 hadi 2003, jeshi la Uganda lilikuwa hapa, na chama cha RCD-ML cha Mbusa Nyamwisi kilitawala kutoka Beni. Wakati huo matajiri wakubwa, kati yao kikundi ambacho watu walikiita G8, walifanya mapatano na wenye bunduki: walilipa kodi ya forodha mapema, kwa mafungu, kabla mali haijafika, na wao wakapewa unafuu mpakani. Pesa ile ililipa askari, na kipande kingine kilitengeneza barabara na kuufanya mji upumue. Kuna wanaosema mapatano yale yaliiokoa Butembo isiungue kama Bunia. Kuna wanaosema yalilisha vita na kumfungia mlango mfanyabiashara mdogo, ambaye hakuwa na pesa ya kulipa mapema. Mimi naona wote wawili wanasema kweli, na kwamba wa pili anasikilizwa kidogo mno. Mji uliozoea kupatana na kila mwenye nguvu juu ya njia yake unaweza kusahau kuuliza ni nani anayelipa bei ya mapatano hayo.

Ebola nayo ilitupima mahali penyewe tunapojisifu. Ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 kutoka Mangina, karibu na Beni, na mwanzo wa 2019 ilikuwa imeshika Katwa na Butembo kwa nguvu. Mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 mwezi wa sita 2020, baada ya watu 2,287 kufa. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa na kushambuliwa mwezi wa pili 2019, na tarehe 19 mwezi wa nne mwaka huohuo daktari Mkameruni Richard Mouzoko, aliyekuja na Shirika la Afya la Ulimwengu, aliuawa kwenye kliniki ya chuo kikuu. Wageni walisema ni ujinga. Kumbe watu walikuwa wanafanya kile walichofundishwa na soko: usimwamini asiye na kilima. Magari mapya yalifika na pesa nyingi, na hakuna aliyeweza kusema madereva wake ni watoto wa nani. Tena uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018 uliahirishwa kwa Beni na Butembo tu, pamoja na Yumbi kule magharibi, kwa sababu iliyotajwa kuwa ni Ebola na usalama, huku masoko na makanisa yakiachwa wazi. Katika hali hiyo nani angeamini? Lakini kifo cha daktari yule kinabaki kifo kilichotokea kwetu. Kuaminiana kwetu kulikuwa na ukuta, na siku ile aliyekuja kutuponya alikuwa nje ya ukuta.

Ukuta huo ndio unaonisumbua ninapoangalia mji wa leo. Toka mwezi wa kumi 2014 mauaji katika nchi ya Beni yamefukuza watu mashambani, mwaka kwa mwaka, na baadaye hata magharibi ya Lubero. Mwaka 2024 M23 iliingia Kanyabayonga na kupanda kusini ya Lubero, watu wengine wakakimbilia kaskazini. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi haohao, na serikali ya jimbo ikahamia Beni. Hivyo bendera ambayo haikuwahi kupandwa mwanzoni mwa hadithi yetu imekuja kukaa kilometre 54 kutoka kwetu, kwa mlango wa msiba. Barabara ya lami ya Kasindi, Beni na Butembo, ambayo marais wa Kongo na Uganda waliizindua mwezi wa sita 2021, inaangaliwa na wengi kama wokovu. Itatusaidia, sikatai. Lakini lami inaleta mali ya ng'ambo haraka. Kabichi haitoki ng'ambo, inatoka kwenye kilima ambacho mwenyewe amekikimbia.

Mama aliyefika kutoka kijiji kilichoungua anakuja sokoni kuomba mtaji wa ndizi kwa deni. Anaulizwa swali la zamani: wewe wa wapi? Anataja kilima. Na kwenye kilima kile hakuna tena mtu wa kuulizia. Nimeona wamama kadhaa wenye meza wakilitatua jambo hilo kwa njia yao. Wanamweka mgeni katika likelemba yao kwa pesa ndogo sana, wiki kwa wiki, na yule aliyemleta ndiye anakuwa kilima chake. Akishindwa, aliyemleta analipa. Kazi hiyo haimo katika hotuba zozote za maendeleo.

Nimalizie na ombi kwa familia za wasomaji wa kijitabu hiki. Madaftari ya madeni ya baba na babu zetu, yale ya kurasa zenye mistari yaliyofungwa kwa kamba, yanapotea. Mwaka juzi nilinunua karanga mtaani Vutetse, nikapewa ndani ya karatasi iliyotoka kwenye daftari la namna hiyo. Palikuwa na wino wa bluu uliofifia: magunia manne ya karoti, kamyo ya Kisangani, na jina la kilima mahali ambapo mwingine angeandika anwani. Pembeni kulikuwa mstari mmoja mwekundu uliopita juu ya deni lote. Niliuliza mwenye karanga kama anazo kurasa nyingine. Alisema zilikuwa nyingi, za marehemu jirani, na amebakiwa na chache tu. Chama chetu kina kabati, na kabati hilo lina kufuli. Mwenye daftari asiogope majina ya wadeni, tutayafunika. Tunachohitaji ni majina ya vilima, na bei.